Basi, Vilikuwaje?

Irmeli, umeniuliza tena kwenye ngazi za maktaba yako ya magurudumu,
huku ukigonga muhuri: "Basi, vilikuwaje?"
Nami, injini ikinguruma nyuma yangu,
nikajibu, "Vizuri tu."
Uongo. Hakuna kitabu kilicho kizuri tu.
Sasa ni saa nane ya usiku, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
nimeegesha katapila kando ya njia ya Posio,
jembe la theluji liko juu, chai imepoa,
na nina la kukwambia.

Kile cha jalada jekundu, kile cha tuzo,
ambacho magazeti ya Helsinki yamekipigia vigelegele,
nimekisoma chote, kurasa mia nne na kumi na mbili,
kwa ukaidi, si kwa mapenzi.
Mwandishi anajua kila kitu isipokuwa kunyamaza.
Mtu wake hawezi kufungua dirisha
bila kukumbuka dirisha la utotoni, na dirisha la mamake,
na madirisha yote ya Ulaya.
Funga dirisha, bwana! Tunakufa kwa baridi.

Cha pili kinatuhusu sisi. Ndivyo jalada linavyodai:
kaskazini, upweke, theluji laini kama pamba.
Irmeli, huyo hajawahi kushika koleo.
Theluji ya Januari hulia chini ya buti kama bawaba kavu;
ya Aprili imelowa, huvunja mgongo;
iko ya unga, iko ya chembe za chumvi,
iko ile iliyoganda juu tu,
humbeba mbweha, humzamisha mbwa.
Yeye anayo moja, nyeupe,
na huimwaga kila anapokosa la kusema.
Na mwanamke wake wa kaskazini hasemi neno, ana macho ya ziwa.
Mimi ni mwanamke wa kaskazini. Macho yangu ni ya kahawia,
nina deni la gari, na sinyamazi.

Ila ukurasa wa tisini,
pale mume anapomkata kucha marehemu mkewe,
kidole kwa kidole, kabla hawajamfunika,
akifika cha gumba anaomba radhi kwa kuwa mkasi ni butu:
hapo nilizima redio.
Haki yake nampa. Ukurasa mmoja ni ukurasa.

Cha tatu nilikurudishia nusu.
Nilisema hakina kisa, na kweli hakina.
Aune anachonga funguo katika duka la ngazi tatu chini ya barabara,
Alhamisi anakula supu ya njegere,
anamsubiri mwanawe apige simu.
Kurasa mia na thelathini, simu hailii.
Pembeni mtu ameandika kwa penseli: "Bado?"
Na chini yake, mwandiko mwingine,
naujua, ni wa Kauko wa kituo cha mafuta: "Bado."
Nikacheka, nikakifunga, nikakwambia mwandishi ni mvivu.

Sasa sikiliza.
Jumanne, nikisukuma theluji pale penye kona ya kiwanda cha mbao,
hakuna gari, hakuna paa, hakuna kitu,
nilijikuta najiuliza kama Aune amekula.
Wala haikuwa Alhamisi.
Nikapunguza mwendo, kana kwamba ningeona taa ya duka lake
kati ya misonobari.
Yule wa madirisha mia sijamkumbuka hata mara moja.

Kabla hujauliza: hapana, hili halimhusu Jouni.
Jouni ana kazi nyingi huko Tampere.

Kwa hiyo, kabla basi halijavuka kwenda Taivalkoski,
niwekee kile cha funguo chini ya kiti chako.
Usiseme chochote nikija. Gonga muhuri tu.
Chekundu wape wengine; wapo wanaokipenda,
na nyumba zao zina joto.
Mimi nimechonga penseli.