Si Jiwe

Nilimkanyaga kabla sijamwona.
Nimeingia ziwani hadi magotini, hapa Rutamba,
fungu la ukindu kwapani, nataka kulilowesha
upande wa matete, ambako maji hayana haraka,
na unyayo wa kulia ukashukia kitu
ambacho si tope, maana tope hukubali,
wala si jiwe, maana jiwe haliondoki.

Hiki kilifikiri kwanza.
Kisha kikaondoka.

Maji yakawa rangi ya chai ya maziwa.
Nikasimama kama mgomba, nikihesabu.
Nilifika mia na arobaini, ukindu umeshanianguka,
ndipo pua ikatokea, pua tu,
kijibomba chembamba, matundu mawili,
ikavuta pumzi kama mtu anayeonja mchuzi
kwa ncha ya kijiko, ikazama.

Mara ya pili alileta kichwa.
Mistari mitano myeusi, machoni hadi shingoni,
imenyooka kama ya daftari la mwandiko
ambalo mtoto hajaandika kitu.

Shuleni tulifundishwa kobe ana nyumba ngumu,
mwenda pole, mwenye busara, mshinda mbio kwa hila.
Huyu hajaisikia hadithi hiyo.
Gamba lake ni ngozi, rangi ya mlenda uliolala,
pembeni limelegea kama ukingo wa chapati.
Chini ni mweupe wa kuelekea wekundu, kama kiganja.
Na nyuma ana vifuniko viwili vya ngozi:
akishavuta miguu ndani huvifunga,
vile mwanamke avutavyo kanga magotini
wageni wakiingia uani.
Mbio anazo, tena za kweli. Hila hana haja nazo.
Ukimshika vibaya atakurarua,
shingo yake ni ndefu kuliko ulivyokisia.

Nayajua haya kwa sababu nimewahi kumla.
Mwaka ule mbaazi zilipooza shambani
marehemu Mkwanda alikuwa na chuma chake kirefu,
akichoma tope la kiangazi hatua kwa hatua,
anasikiliza kwa viganja.
Kikisema *ko*, ni gogo, ama jiwe.
Kikisema *du*, sauti ya mtu aliyepigwa akiwa usingizini,
ni yeye, amejifukia, anangoja mvua.
Tulimpika kwa ufuta.
Tumboni mlijaa kome, wamesagwa na maganda yao,
kama mtu aliyekula ugali na sahani.
Nilikula. Nikalamba vidole.

Sasa Ngatinda amesimama ukingoni.
Chuma ni kile kile, alikinunua kwangu baada ya arobaini.

"Unatafuta nini humo, mama Somoe?"
"Ukindu wangu."
"Mbona maji yamechafuka?"
"Nimekanyaga jiwe."

Akayatazama maji. Akanitazama mimi.
Ana watoto watano huyu, na ufuta
mwaka huu haukupata bei.
Nikainama kuokota ukindu, uzi mmoja mmoja,
kanga yangu imetanda juu ya maji,
na huko chini, karibu na kisigino,
tope likajifunga taratibu, bila povu.

Mayai, nimesahau kusema, huyataga kwenye kichanga
mvua zikishika, mviringo, meupe,
na mara nyingi kenge ndiye wa kwanza kuyahesabu.
Hao wa kenge siwezi kuwasemea.

Leo nipo kibarazani, nasuka.
Ngatinda yuko ng'ambo ya matete tangu alfajiri.
Simwoni. Namsikia.
Nimeacha mkono hewani, ukindu umenikauka vidoleni.

*Ko.*
Gogo.
*Ko.*
Jiwe, au gogo.
Kimya kirefu, anahamisha mguu.

*Ko.*