Taa Tatu na Kopo la Rangi

Gereji hii haijaona gari tangu tuuze ile Datsun.
Limebaki doa la oili lenye umbo la figo,
na juu yake nimesimamisha benchi,
randa, msumeno, jiliwa iliyoshikwa na kutu.
Mchana nahesabu vidonge dukani Donholm;
usiku, Mumbua akishalala, nafufua viti vya watu.

Balbu ni moja, katikati ya dari,
inaning'inia kama jino la mtoto linalokataa kung'oka.
Nikiinama, iko mgongoni.
Nikisogea kushoto, kivuli kinanitangulia.
Kila mstari ninaouchora kwa penseli
unafunikwa na mkono uleule uliouchora.

Kiti cha Bi Kavata nilikipaka vanishi chini ya umanjano huo,
nikaona rangi ya chai ya maziwa.
Asubuhi, juani, kilikuwa chekundu kama tofali.
Hakugomba. Alisema tu, "Ahaa."
Ile ahaa nimetembea nayo hadi Luthuli.

Elfu tano. Nyuma ya risiti ya karo
nimechora gereji: hatua sita kwa tatu.
Taa nne za LED, ndefu, futi nne kila moja;
zisikae juu ya kisogo, zikae mbele ya paji la uso,
moja kushoto, moja kulia,
vivuli vikutane, vigombane, viishe.
Mia nane hamsini mara nne.
Waya na swichi, elfu na mia moja.
Fundi, elfu na mia mbili.
Nikajumlisha mara tatu nikidhani penseli inanidanganya:
mia saba zimezidi.
Taa ya nne nikaikata kwa mstari mmoja
kama anayefuta jina la mgeni kwenye orodha ya harusi.

Kijana wa duka ana ulimi laini:
"Mathe, chukua hii ya wati hamsini, inaangaza hadi kwa jirani."
Jirani ana zake. Mimi nauliza lumeni.
Akageuza kisanduku, kidole gumba kikafunika nambari.
Nikatoa mkobani kipande cha mahogani,
nikakipitisha chini ya kila taa kama mtoto anayepelekwa kliniki.
Hii ikakigeuza kijivu. Ile ikakipa ubuluu wa maiti.
Ya tatu, nikaona nyuzi, nikaona wekundu,
nikaona hata kovu langu la patasi.
"Tatu za hii," nikasema. "Na uziwashe zote kabla sijalipa."

Jumamosi Wafubwa alipanda ngazi, akashika waya wa zamani
kwa ncha za vidole kama anayeshika mkia wa panya.
"Huu ulifungwa na nani?"
"Marehemu."
Akanyamaza. "Marehemu alikuwa jasiri."
Tukacheka hadi ngazi ikatikisika.

Pengo la taa ya nne nilikuwa nimeliziba usiku wa kuamkia,
kwa kopo la rangi nyeupe iliyobaki tulipopaka chumba cha Mumbua.
Dari nyeupe hurudisha mwanga; dari ya masizi huumeza.
Nilipaka dari, nikashuka ukutani,
rangi ikaniishia usawa wa kifua.

Wafubwa akabonyeza swichi.
Vumbi la miaka minane likaona haya.
Na chini ya ukingo wa rangi, palipokuwa giza siku zote,
mwandiko wake, wa penseli, herufi zimeegemea kulia:
plagi nne, gasketi, oili lita tatu.
Bei kando ya kila kitu. Jumla hakuandika.

Zimebaki mia moja hamsini. Nimezinunulia tokeni.
Kiti cha Bi Kavata kiko benchini, kimekwanguliwa upya.
Nachora mstari, naukata,
nauona mpaka mwisho.