Sasisho

Kompyuta ya nyumbani, saa nne yajizima,
Mwanangu kesho chuoni, kazi yake hajatuma;
"Usizime," kiooni, maandishi yanasema,
Asilimia tisini: imekwama, imekwama.

"Zima," kasema Swabiri, "yala kuwashinda mbuzi."
"Iache, usighairi," dadake ajibu wazi.
Nami kati, nafikiri, kidole hakina kazi;
Mwisho nikaona heri kumfuata wa mbuzi.

Bando laliwa, laisha, kwa kitu sikuagiza!
Nikasema, "Yanichosha," sasisho nikaliviza.
Nusu mwaka wa bashasha, mashine ikiteleza,
Flashi yake Mwanaisha virusi ikaingiza.

Picha za mama zikenda, na daftari la kodi.
Kwa Shebwana nikapanda, Kibokoni, sina budi.
"Bando ulivyolilinda! Wezi hawapigi hodi."
Sasa usiku yawanda; picha bado hazirudi.