Dakika Nane za Kutowaza

"Tazama ile alama ukutani, Mzee Sizya,
usiwaze kitu," akasema Daktari Nyamizi,
akanivisha kofia ya nyaya, baridi kwa mafuta,
akazima feni, akafunga dirisha la upande wa barabara.
Dakika nane. Usiwaze kitu.

Basi nikaanza kutowaza.

Nikatowaza ndoo ya asali ninayomdai Maganga
tangu masika ya juzi. Nikatowaza bati la jikoni,
jino la kushoto, mjukuu aliyekwenda Mpanda na simu yangu,
na kiatu kimoja, cha mwaka sabini na nne,
nilichokiona katikati ya reli kwa mwanga wa kandili
na hadi leo sijui ni cha nani.
Kichwa kilikuwa kimya kama siku ya gulio.

Kisha: "Sasa hesabu. Mia moja, toa saba, toa saba."
Tisini na tatu. Themanini na sita. Sabini na…
Kiatu kikapotea, na Maganga na asali yake.

Baadaye akanigeuzia kioo cha kompyuta.
"Hapa nyuma," akagusa, "na hapa mbele, juu ya macho.
Ni mbali kwa mbali, mzee, lakini ona:
hii ikipanda, ile hupanda,
ikishuka, hushuka nayo,
na ni pale tu usipotumwa kazi.
Ukipewa hesabu zinapunguza sauti.
Zamani tulidhani ni makelele. Tulikuwa tunayafuta."

Nikacheka. Mwanangu,
miaka thelathini na mmoja nilishika zamu ya usiku
stesheni ya Tabora.
Abiria akiona reli tupu husema pamelala.
Saa nane za usiku, hakuna garimoshi,
Usoke anapiga kengele: upo? Nipo.
Urambo anaomba mafuta ya taa.
Malongwe ana tembo njiani.
Kaliua hana neno, anataka tu kusikia mtu.
Na bandani injini ya mvuke imesimama, haiendi popote,
inakula mafuta, inakunywa maji,
maana ukiizima, alfajiri haitakuamkia.
Likija la Mwanza ndipo soga linakoma,
kila mtu na bendera yake.

Akaliandika hilo. Kwa kalamu, pembeni mwa karatasi.

Nje, kwenye benchi, alikaa Kalunde, mke wangu.
Yeye alivishwa kofia asubuhi.
Yumo katika daftari la wanaosahau;
mimi nimo katika la wazima,
nimewekwa ili yeye apimwe kwangu.
Miaka arobaini na minne ya ndoa, leo mimi ni rula.

Nikaomba picha yake.
Nyuma kunapanda. Mbele nako kunapanda, kwa wakati wake.
Stesheni mbili, taa zinawaka zote,
na nguzo za simu katikati zimeliwa na mchwa.
"Hazijazimika," akasema Nyamizi. "Zinaitana. Hazisikilizani."
Hakusema atapona.
Nilimshukuru kwa hilo, ingawa si kwa mdomo.

Tukarudi Isevya kwa miguu, polepole, jua likiwa kali.
Kalunde aliniuliza mara tatu kama nina watoto.
Kwa adabu, kama unavyomuuliza mtu mliyekaa naye behewa moja.
Wawili, nikasema. Wawili. Wawili.

Jioni akakaa uani na ungo wa maharage.
Hakuna aliyemtuma kitu, hakuna aliyemuuliza.
Vidole vilikuwa vinatembea vyenyewe,
kokoto huku, maharage huku,
macho yake yakiwa mahali ambapo sijawahi kufika.

"Kile kiatu," akasema. "Ulikiokota?"

Sikumbuki kama nilipata kumwambia.
Nilijaribu kuhesabu miaka nyuma, nikakwama.
Sikukiokota, nikajibu. Nilikuwa na zamu.

"Ungekiokota," akasema,
akatupa kokoto.