Shahidi wa Pili

Mimi nilileta kanzu tu.
Pindo lilishuka upande, bwana harusi ni mrefu
kuliko vipimo alivyonitumia kwa simu,
na nilikuwa bado na uzi mdomoni
Mzee Ramazani aliponishika bega:
“Kashindi, una udhu?”

Treni imelala Uvinza.
Ndani ya treni amelala Feruzi, mjomba, shahidi wa pili,
suti yake kwenye mfuko wa nailoni,
kila nusu saa anapiga kuuliza kama wali umeiva.

Basi nikavuliwa kazi yangu, nikavishwa yake.
Bi Sikitu, kungwi, akanifunda palepale ukumbini,
mwari wa miaka hamsini na tatu:
Shahidi hukaa kuliani kwa wali.
Shahidi hakohoi, hatazami saa.
Shahidi haombwi maoni.
“Una masikio mawili na saini moja.
Vitumie hivyo vitatu, utakula pilau kwa heshima.”

Buzebazeba nzima ilijua mahali pake siku ile.
Mshenga alihesabu mahari kwa kulamba kidole,
laki tatu na nusu,
akapiga chafya, akaanza upya.
Mtoto wa Tausi alishika sinia la halua,
kakatazwa kula, analinusa.
Mpambe alikuwa na kazi moja, leso:
jasho likitoka, futa; likitoka tena, futa,
hadi paji la bwana harusi likang'aa kama sufuria.
Na mimi, Mungu anisamehe,
nilitazama pindo tu. Limekaa.

Tukaitwa mlangoni: wali, Maalim Songoro, na mimi.
Pazia lilikuwa kanga,
maandishi yamegeukia ndani.

“Mwavita binti Ramazani,
nikuozeshe Amrani bin Kilenga
kwa mahari uliyoitaja. Umeridhia?”

Kimya.
Feni inazunguka.
Bangili moja, kisha hata bangili hakuna.

Bi Sikitu akashusha kope:
“Hiyo ni haya, na haya ni jibu.”
Maalim akafungua kalamu.
Wali alishageuka, nyuma ya kanzu yake inaondoka.

Nami nikamkumbuka dada yangu Tabu.
Nilikuwa na miaka saba, nimejificha uvunguni,
naiona miguu yake tu,
vidole vimejikunja vikiishika sakafu,
na nje ya mlango wanaume wakipokezana: amekubali, amekubali.
Hakuna aliyeniuliza.
Sikuwa shahidi.

“Mimi sijasikia,” nikasema.

Mwiko huo Bi Sikitu hakunitajia,
hakudhani kuna haja.
Wali alinitazama kama mtu aliyeletewa kanzu isiyo yake.
Uani, mwiko ukagota ukingo wa sufuria, ukatulia.
“Nitatia saini nilichosikia, Mzee.
Mpaka sasa nimesikia feni.”

Akauliza tena, sauti imekwaruza.
Kitu kikadondoka nyuma ya kanga,
kisha kingine, kidogo, kwenye saruji.

“Nimeridhia, baba. Nilikuwa na pini mdomoni.
Nimeridhia, hata mara tatu.
Ila mahari niliyoitaja ni laki nne.”

Mshenga akakohoa, yeye hakukatazwa.
Akaanza kujipapasa, mfuko wa kulia, wa kushoto,
akapata elfu hamsini
mahali ambapo pesa za watu hazikai.

Nikaandika jina langu kando ya Feruzi aliyekatwa.
Saini yangu ilipanda juu, mkono ulitetemeka.
Chini ya pazia niliona vidole vyenye hina
vikigonga sakafu, tiki tiki, vina haraka zao.

Bi Sikitu alinipakulia mwenyewe.
Hakusema neno. Nyama alinipa mbili.

Simu ikaita, Uvinza.
“Wali umeiva?” akauliza Feruzi.
Nikamtazama Mzee Ramazani,
amesimama peke yake, anahesabu noti upya, polepole,
anazigeuza vichwa vielekee upande mmoja.

“Umeiva,” nikamwambia. “Na wali ameiva.”