Volti Tatu za Njiani

Saa kumi na moja kasorobo, Maweni.
Mikate bado ya moto kwenye kreti nyuma ya pikapu,
nami nazungusha ufunguo: tk.
Tena: tk, tk, tk,
kama meno ya mwenye homa.
Taa za dashibodi zikafumba macho.

Betri ya pili hii tangu Ramadhani.
Ya kwanza niliiuza kwa kilo, chuma chakavu,
nikiitukana hadi inapakiwa.
Na Nyundo, kijana wa kreti, nilimfukuza:
nilisema yeye ndiye aliyelala na redio ikilia.

Mbeyu akaja, leso kiunoni, mswaki ungali kinywani.
"Usiwashe. Kwanza tuipime imelala."
Sindano nyekundu, sindano nyeusi:
kumi na mbili nukta sita.
"Huyu ameshiba. Unamsingizia."

Nikawasha. Ikashuka, nami moyo ukashuka nayo.
"Kushuka si ugonjwa," akasema.
"Stata ni mlaji; kwa dakika yake moja
inakula kuliko taa zako za usiku kucha.
Ikifika kumi, hiyo ni kazi.
Chini ya tisa, hapo tafuta sanda.
Hii imegota kumi na moja na nusu.
Inatoa. Hakipokelewi."

Akaiacha sindano moja kwenye hasi,
ya pili akaichoma kwenye ubavu wa injini.
"Hapa nataka sifuri, au jirani yake. Washa."
Tatu.
Volti tatu nzima, zimekaa njiani,
hazikufika walikotumwa.

Akafungua bolti chini ya bodi:
waya umeota ukijani, chumvi ya Malindi imeulamba
mwaka baada ya mwaka, bila haraka.
Msasa. Spana ya kumi na tatu. Grisi kidogo.
"Haya."

Ikashuka hadi kumi na ushei, ikaguna, ikashika,
kisha namba zikapanda, kumi na tatu, kumi na nne,
kumi na nne nukta mbili:
altaneta inalipa deni la sekunde mbili
polepole, kama mtu mwaminifu.

"Nikupe ngapi?"
"Mia tano. Na ya kwanza ilikuwa nzima pia."
Akatema povu la mswaki mtaroni, akaenda zake.

Mikate ilichelewa. Duka la mwisho walininunia.
Nilibakisha miwili, nikakata njia ya Ganda,
na mlangoni kwa kina Nyundo
nikaizima injini, makusudi,
nikashuka.