Nafasi ya Nne

Usiku wa Juni, Mbeya. Loleza hauonekani,
ukungu umeshuka mpaka kwenye nyasi za wodi ya wazazi,
na chumba chenye joto kuliko vyote hospitalini
ni hiki changu, nyuma ya kasha la seva,
ambako Bi Sekela wa maabara huja kuota feni
kama wengine wanavyoota moto.

Leo hakuja kuota.
Alikuja na karatasi: majibu ya damu, kwa kalamu,
wagonjwa thelathini na saba, vidole vimemganda.
"Atuganile, mashine yako imesusa."

Kasha lina nafasi kumi na sita.
Seva zake nyembamba, zimesimama wima bega kwa bega;
tunaziita nyembe, ingawa hazijawahi kunyoa mtu.
Ziko kumi na nne. Kumi na tatu zinapepesa kijani.
Wa nne una taa moja ya rangi ya chungwa,
haipepesi.
Imekodoa.

Nikaanza pale fundi anapoanza, kwenye umeme.
Pawasaplai sita, zote zinanguruma.
Feni zote. Nyaya zote, mpaka ule wa ardhi.
Nikafungua kumbukumbu ya kasha, ile inayojiandika yenyewe;
tangu saa tano na dakika kumi inarudia neno moja:
*Nafasi ya nne. Umeme umekataliwa.*
Na nani? Haisemi.
Mashine zina adabu ya watu wa ofisini,
zinaijua vizuri kauli ya kutendwa.

Nikauchomoa wembe, nikapuliza vumbi, nikaurudisha.
Chungwa.
Nikauchomoa tena, nikauhamishia nafasi ya tisa, iliyokuwa tupu.
Ukanyamaza muda wa kunitoa jasho. Ukakohoa. Ukawaka.
"Wembe ni ule ule!" akapiga kelele Gwamaka,
na Bi Sekela akakimbilia maabara na karatasi zake,
kandambili zikilia koridoni.

Ingetosha. Saa nane usiku, ingetosha.
Gwamaka, kijana wa mafunzo, keshashika wembe wa akiba,
anataka aujaribu pale pale kwenye nne, tuone.
"Weka chini."
"Dada, mara moja tu."
"Weka chini. Nafasi mbovu humng'ata anayeingia,
na aliyeng'atwa huenda kung'ata kwingine.
Tochi kwanza."

Nikapiga magoti, shavu kwenye chuma.
Kule ndani, ukutani, pini za dhahabu
mistari kwa mistari, kama pareto
iliyopandwa na mtu mwenye kamba.
Moja imelala.
Imelala juu ya jirani yake, kwa utulivu kabisa.

"Ilitoka hivyo kiwandani," akasema Gwamaka.
Mtoto mwema. Alikuwa ananipa mlango.

Lakini mimi naikumbuka Machi.
Mvua, umeme umekatika mara tatu, simu inaita mfukoni,
na wembe umekwama katikati ya njia.
Nilisikia kitu kidogo, kama ukucha unaokatika.
Nikasukuma kwa kiganja mpaka kufuli ikaitika.
Taa ikawa kijani, nami nikaenda Mwanjelwa kununua viazi.
Miezi mitatu ile pini imebeba mzigo ikiwa imeinama.

Tukaziba nafasi ya nne kwa kibati chake,
maana tundu lililo wazi huiba hewa ya wenzake.
Kiwanda kitaleta ukuta mpya, au hakitaleta.
Gwamaka akasinzia kwenye boksi la nyaya.

Likabaki daftari la karatasi, lenye safu ya *Sababu*.
Nikaandika: Pini imepindwa.
Nikaisoma.
Nikaikata kwa mstari mmoja, iendelee kusomeka,
chini yake nikaandika:
*Nilipinda pini. Machi. A. Mwakalinga.*

Alfajiri Bi Sekela akarudi na chupa ya chai,
akageuza mgongo kwenye feni, akafumba macho.
"Ugonile?" akaniuliza, kwa mazoea,
salamu ya kwetu inayotaka kujua kama umelala.
Nikamwambia, bado.